Mtoto mtulivu kwenye foleni ya kliniki

Siku ya kliniki, mwanaume akikaa benchi na mtoto mapajani, kila mtu anataka kujua mama yuko wapi. Mimi ni mjomba tu. Mdogo wangu alikuwa na kikao Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, asichoweza kukikwepa, dada wa kazi bado mgeni wa mji, basi nikachukua kadi, nikambeba bwana mdogo, dada akashika mfuko wa nepi, tukaingia bajaji.

Miezi 18. Sindano ya pili ya surua na rubela, tone la vitamini A, uzito, turudi nyumbani.

Mizani ile mnaifahamu: ndoano juu, kikaptula cha kitambaa kinaning'inia, mtoto anatumbukizwa miguu, anaachiwa. Kelele huanzia hapo. Aliyetutangulia alipiga mayowe mpaka akalowanisha kikaptula. Wetu alitumbukizwa, akaning'inia, akatazama ukuta. Muuguzi akasoma kilo kumi na nusu, akatia nukta kwenye kadi, ndani ya rangi ya kijani, yaani uzito unatosha. Tukasogea meza ya sindano. Sindano ikaingia, ikatoka. Hakulia. Hakunitazama mimi, hakumtazama dada, hakumtazama hata aliyemchoma. Alitazama pamba.

"Hili jeshi hili," mama mmoja nyuma yetu akasema, benchi zima likacheka.

"Mtoto mtulivu sana, mjomba. Hongera," muuguzi akasema, akanirudishia kadi.

Ile hongera imenikaa kooni wiki kadhaa sasa.

## Ndani ya kijani

Simlaumu yule muuguzi. Foleni ilikuwa imetoka kibarazani hadi chini ya mwarobaini, na wengine walikuwa wameondoka makwao alfajiri. Isitoshe, kijani si jambo dogo kwetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua; ikikataa Januari, watu wanaanza kuhesabu madebe mapema. Mtoto akifika miezi 18 yuko kwenye kijani, ujue kuna watu wamehangaika.

Ila kadi inasoma mwili.

Haiulizi kama mtoto akiitwa jina anageuka. Haiulizi kama ananyoosha kidole kukuonyesha ndege. Haiulizi, akianguka, anamkimbilia nani.

Bwana mdogo alikuwa hamkimbilii mtu. Akianguka ananyanyuka, anaendelea na safari yake. Mdogo wangu akirudi kazini jioni, mtoto anainua macho, anamtazama kama anavyotazamwa mlango uliosukumwa na upepo, kisha anarudia kifuniko chake cha chupa. Chakula anakula. Usingizi analala, tena mapema. Homa hana. Wageni wakija wanasifu: hasumbui huyu, mngejua wa kwetu!

Miezi michache kabla alikuwa Kondoa kwa mama yetu. Kule alikuwa anaita kuku, anaita mbuzi, anamwita bibi, yote kwa Kirangi cha kitoto ambacho tulikuwa tunakisikia kwenye simu tunacheka. Alipoletwa Dodoma maneno yakakatika. Kwanza tulidhani anazoea Kiswahili.

Alifikaje Kondoa? Historia yake wengi wenu mnaiishi. Mdogo wangu alijifungua Dar es Salaam, akala likizo yake ya siku 84 (mumewe sheria inampa siku 3, nazo zikaishia kwenye foleni za hospitali), akarudi kazini, na mtoto alipokuwa na miezi saba ikatoka barua ya uhamisho. Dodoma. Tangu serikali ilipoamua kuhamia huku kweli kweli mwaka 2016, barua za namna hiyo zimegawa nyumba nyingi kuliko talaka. Alifikia chumba kimoja, hana dada, hana ndugu wa kushinda naye. Mama yetu akasema mleteni. Miezi minane baadaye, nyumba ikapatikana, dada akapatikana, mtoto akaja kwa mama yake. Tulichinja kuku.

## Kila mtu na jibu lake

Nilipoanza kuuliza uliza, nilikuta majibu ni mengi kuliko wagonjwa.

Jirani wa kwanza: wavulana huchelewa kuongea, hata wangu alikaa kimya mpaka miaka mitatu, leo ni wakili. Wa pili: simu, hizo katuni, mnyang'anyeni simu. (Simu alikuwa hapewi.) Shangazi yetu mmoja alitaka kujua kama aliwahi kupata degedege, maana likipita huacha alama. Mzee wa duka alishauri kimeo kitazamwe.

Halafu kuna neno ambalo halisemwi mbele ya mwenye mtoto, linasemwa akishapita. Kwamba mtoto kabemendwa, yaani kaharibika kwa sababu mzazi katoka nje ya ndoa mtoto angali mdogo.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo huduma inapopotea hata kabla mtu hajapanda bajaji. Mwanamke anayeishi Dodoma, mumewe Dar, mtoto kanyamaza. Neno hilo likitamkwa, kesi imeshaamuliwa na hukumu imesomwa. Nani atakwenda kumwambia daktari kwamba mwanangu hanitazami, ikiwa mtaa mzima unadhani unajua kwa nini? Mdogo wangu alinyamaza wiki nyingi. Kadi ikawa inamtetea: tazama, yuko kwenye kijani.

Lakini kuna jambo moja wanalolishika wanaosema hivyo, ingawa wanalishika kwa ncha yenye sumu. Wanajua kwamba hali ya mtoto haitenganishwi na hali ya nyumba. Wameikosea tu sababu, na wameitumia kumpiga mwanamke.

Shemeji naye tulimpigia. Nikamweleza taratibu kwamba labda tumwone mtu wa afya ya akili.

"Shemeji," akaniambia, "mwanangu si kichaa. Mnampeleka huko wakamwandikie nini?"

Ukiwa Dodoma unaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa tangu 1927. Watu wametibiwa pale wakarudi makazini kwao, wanafunzi wa udaktari na uuguzi wamejifunza pale, leo ni hospitali ya taifa. Lakini jina lenyewe mtaani ni tusi. Makonda wanalitumia, watoto wa shule wanalitumia. Jina lililobeba mzigo karibu miaka 100 huwezi kulitaja pamoja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ukategemea baba yake atulie.

## Milango

Zahanati walisema uzito mzuri, tusiwe na wasiwasi.

Hospitalini, daktari kijana alimsikiliza moyo, akamwangalia koo, akatuandikia kipimo cha masikio. Hilo lilikuwa jema na ningependa kila mzazi alijue: mtoto asiyeongea apimwe kwanza usikivu, kwa sababu kuna watoto wanaoitwa wabishi, wazito, wenye mashetani, kumbe hawasikii. Wetu anasikia vizuri. Tuliporudi na majibu tukamkuta daktari mwingine, akasema, "Sasa hapa sina cha kutibu. Mleteni akifika miaka mitatu kama bado hajaongea."

Miaka mitatu! Yaani mara mbili ya umri aliokuwa nao.

Marekani, chama cha madaktari wa watoto kinashauri kila mtoto achunguzwe dalili za usonji (autism, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu) akiwa na miezi 18, kisha 24. Nilipoisoma hiyo niliichukua kadi yetu nikaitazama tena. Miezi 18 ndiyo tarehe ileile tunayowapeleka kwa sindano ya pili ya surua. Mtoto yupo, mlezi yupo, muuguzi yupo, kadi iko mezani. Hakuna safari ya ziada ya kulipia. Wanakutana watu wote wanaotakiwa kukutana, wanapimana kilo, wanaagana.

Ustawi wa Jamii nilipita pia, ofisi ya watu wawili na mafaili mpaka dirishani. Wanashughulika na matunzo, na watoto waliotupwa, na usajili wa vituo vya kulelea watoto mchana. Afisa aliniuliza kwa upole: mtoto anapigwa? Ananyimwa chakula? Hapana na hapana. Basi hakuna shauri.

Ni ajabu kidogo ukiliona lote kwa pamoja. Ukikonda, kuna meza. Ukiwa na homa, kuna meza. Ukipigwa, kuna meza, japo ndogo. Ukiwa mtu mzima unayesikia sauti, kuna meza na vidonge. Ukiwa na miezi 18, umeshiba, umechanjwa, hujapigwa, na umeacha kumtazama mtu yeyote, unapongezwa.

Mwishoni mtu akatuelekeza kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja hapa mjini. Nilitangulia peke yangu kuiona. Benchi lilikuwa la watu wazima na vijana wa kifafa waliofuata dawa zao za mwezi. Karibu nirudi. Sijui kama kweli nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtoto au naogopa nani angenipita pale akaniona.

## Nani anamlaza?

Muuguzi wa kliniki ile ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba. Tulipoingia, mimi na mdogo wangu na bwana mdogo, hakumweka mtoto mezani. Alichuchumaa sakafuni, akachukua kifuniko cha kopo la vidonge, akakiviringisha kuelekea kwake. Kikagonga kiatu cha mtoto. Mtoto akakitazama. Muuguzi akakaa kimya, hakumhimiza, hakumpigia makofi. Ikapita muda mrefu kiasi kwamba mimi nilianza kujikuna. Kisha mtoto akakisukuma kifuniko kwa kidole, nusu ya njia.

"Asante baba," akasema, akakirudisha.

Akiwa hapo hapo chini, bila kumtazama mdogo wangu, akauliza, "Huyu usiku analazwa na nani?"

"Dada."

"Na kabla ya dada?"

"Bibi yake, Kondoa."

"Kitanda kimoja?"

"Ndiyo."

"Siku ya kuja Dodoma bibi alimsindikiza?"

Mdogo wangu akaeleza. Gari lilikuwa la kukodi, linaondoka alfajiri. Bibi mwenyewe ndiye aliyeshauri mtoto achukuliwe angali usingizini ili asilie, maana wakiagana italeta shida. Akafungwa kwenye kanga, akawekwa garini. Aliamka Haneti.

Muuguzi akasimama, magoti yakalia. "Kwa hiyo alilala kwa bibi, akaamka hana bibi."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma joto kwenye kipimo.

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe mama, unalala?"

Nilimjua mdogo wangu kama mtu wa kucheka na kupanga mambo. Alitazama dari. Akasema anaamka saa tisa usiku, kila usiku, tangu alipofika Dodoma. Akasema anaogopa kumshika mtoto kwa sababu mtoto anakakamaa. Akasema, na hapo ndipo machozi yalipotoka, kwamba anadhani mtoto hampendi na kwamba ana haki ya kutompenda.

Mimi kaka yake, ninayekula kwake kila Jumapili, nilikuwa silijui hata moja.

## Msiba usio na matanga

Sisi msiba tunaujua. Tunajua kukaa chini, kupika pamoja, kulala kwa wafiwa, kumpa mtu siku zake. Mtoto huyu alipoteza kitanda, harufu, lugha na mtu wake wote kwa usiku mmoja, na sisi siku hiyo tulikuwa tunachinja kuku kwa sababu amerudi kwa mama. Furaha yetu ilikuwa ya haki. Yake haikuwa furaha, na hakuwa na mdomo wa kutuambia.

Nimebishana sana na nafsi yangu kuhusu jambo hili. Je, si tunaanza kuleta magonjwa ya kitabuni kwenye watoto waliokuwa wanapona wenyewe? Nusu ya watu ninaowaheshimu walilelewa na bibi, wakahamishiwa kwa mjomba, wakapelekwa bweni, na wako sawa. Au wanasema wako sawa.

Nikaenda kusoma. Aliyenisumbua zaidi ni James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akitazama watoto waliolazwa hospitali za London miaka ya mwisho ya 1940. Wakati ule wazazi walikuwa wanaruhusiwa kuwaona watoto kwa nadra mno. Aliona mtoto kwanza analia na kudai mama yake. Kisha anakata tamaa, ananyong'onyea. Halafu inakuja hatua ya tatu: ametulia, anakula, anampokea kila mtu, na mama akija hamjali. Wauguzi walikuwa wanafurahi katika hatua hiyo, wakisema mtoto amezoea. Robertson akasema hapo ndipo pabaya zaidi. Hawakumsikia, mpaka akapiga filamu mwaka 1952, ya binti wa miaka miwili ndani ya wodi. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

(Kwetu mama huingia wodini na mtoto, wakalala kitanda kimoja. Hilo hatukuhitaji ripoti.)

Na kama mtu ataniambia hayo ni ya London, ajue kwamba utafiti mmoja wa mwanzo mwanzo wa kutazama watoto wachanga na mama zao majumbani, ule ambao wanasaikolojia dunia nzima wanaunukuu, haukufanyika Ulaya. Mary Ainsworth aliufanya Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 hadi 1955, akizitembelea familia 26. Alikaa sebuleni mwa watu kama wa kwetu, akatazama nani analia mama akitoka na nani anatambaa kumfuata.

Wahadzabe, majirani zetu wa Ziwa Eyasi mpaka upande wa Mkalama huko Singida, wamewapa watafiti somo la upande wa pili. Kwao mtoto hashikwi na mama peke yake. Bibi, dada, baba, wote wanampokea siku nzima. Kazi ya bibi kule ilitazamwa kwa miaka hata ikazaa nadharia nzima kuhusu kwa nini wanawake huishi muda mrefu baada ya kuacha kuzaa. Kwa hiyo sikubali hoja kwamba mtoto akilelewa na bibi ameharibika. Bwana mdogo hakuharibiwa na bibi. Kama kuna kilichomuumiza, ni kwamba bibi alikuwa mtu kamili kwake, sisi tukamchukulia kama mahali pa kuhifadhia.

Hapo ndipo niligeuka. Nilikuwa natafuta ugonjwa wa mtoto, na huduma ya mtoto, na daktari wa mtoto. Muuguzi yule alikuwa anatazama watu watatu na kitanda.

## Nikiuliza, nampeleka wapi?

Nilirudi kliniki ya awali, kwa muuguzi aliyenipa hongera, nikamwambia yote. Tulikaa nyuma ya jengo, anakula karanga. Nilidhani atajitetea. Hakujitetea.

"Mjomba, mimi nikimuuliza kila mama analala vipi, foleni itafika jioni. Na akiniambia halali, nampeleka wapi? Swali lisilo na pa kupeleka ni ukatili."

Sentensi hiyo ni nzito kuliko makaratasi yote niliyosoma.

Makaratasi yapo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, ikaandikwa iwe ya 2021/22 hadi 2025/26. Ina nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hiyo ya mwisho ndiyo hii ya kifuniko cha kopo: mtoto anatoa ishara, mtu anaijibu. Nguzo nne zina vifaa vinavyoonekana, mizani, sindano, madarasa, mafaili. Malezi yenye mwitikio hayana kifaa, na kisicho na kifaa kwenye chumba cha kliniki hakina meza. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kuingiza afya ya akili ya mama ndani ya huduma za kawaida za uzazi na mtoto, kwa hoja rahisi kwamba kina mama tayari wapo pale kwenye benchi.

Jibu langu kwa muuguzi lilikuwa la VVU. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kumuuliza mjamzito apime VVU kliniki lilikuwa jambo la kutetemesha. Watu walisema yaleyale: foleni, aibu, waume, na akikutwa nao tunampeleka wapi? Leo ni sehemu ya hudhurio la kwanza na hakuna anayeshangaa. Akaniangalia. "VVU vilikuja na dawa, mjomba. Na fedha."

Ni kweli. Sikuwa na la kujibu siku ile.

Nimefikiri tangu hapo, na nadhani kuna kipande cha jibu Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti kule walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao wakawa wanatembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Hawakutembelewa na madaktari. Walikwenda wahudumu wa afya wa jamii, wakiwa na midoli ya kutengeneza kwa mkono, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kusemezana na mtoto. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Wanajua Kigogo, wanajua Kirangi, wanajua njia za Chemba na Bahi ambazo gari haliingii. Hao ndio "wapi" wa kwanza. Na kwa wachache watakaohitaji zaidi, muuguzi mmoja wa afya ya akili akihamia kliniki ya watoto asubuhi moja kwa wiki, badala ya watoto kufuata benchi la watu wazima, aibu yenyewe ingepungua nusu. Hiyo haihitaji jengo.

Inahitaji mtu aliyeamriwa kufanya hivyo. Programu ya miaka mitano inafika mwisho. Inayofuata itaandikwa na watu ambao ofisi zao ziko Mtumba, wengine wao wana watoto Kondoa na Singida na Iringa wanaosubiri nyumba ipatikane.

## Tulipo sasa

Tahadhari kwa wanaotaka mwisho mzuri: hatujui bado. Huenda bwana mdogo ana usonji. Muuguzi alisema wazi kwamba huzuni na usonji kwa umri huu vinaweza kufanana kwa mbali, na kwamba hata kimoja kikiwepo hakizuii kingine. Tuna tarehe ya kurudi, na ya baada ya hiyo. Asije mtu akasoma hapa akaacha kumpeleka mtoto wake kwa kuwa "amemkumbuka bibi tu".

Bibi alikuja. Alikaa mpaka alipoanza kulalamikia vumbi la Dodoma na bei ya maziwa. Walilala watatu, bibi na mama na mtoto, na polepole bibi akawa anahamia ukutani. Kuondoka kwake hakukuwa kwa usingizini. Alimuaga kwa Kirangi, mchana, stendi, mtoto akiwa macho. Alilia yule mtoto! Alilia mpaka wapiga debe wakaacha kuita abiria, akajirusha nyuma mikononi mwa mama yake, akamng'ang'ania shingo. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa anahema, hajui kama ni jambo baya au zuri. Muuguzi alisema ni zuri.

Shemeji sasa huja na treni ya Ijumaa. SGR ilipoanza kufika Dodoma katikati ya 2024 alikuwa anaisifia kwa ajili ya biashara; siku hizi anaijua ratiba kwa ajili nyingine. Neno Mirembe bado hataki kulisikia. Mdogo wangu anahudhuria kwa jina lake mwenyewe, na kadi yake mwenyewe, na saa tisa za usiku zimepungua bila kwisha.

Kwa walio Dodoma mnaoniandikia kuuliza, haya ndiyo ninayoweza kusema. Pima masikio kwanza. Nenda asubuhi. Beba kadi ya kliniki hata kama mtoto ana miaka minne. Aende na mtu anayemlaza usiku, awe bibi, awe dada wa kazi, hata kama ana aibu ya kuingia kwa daktari. Sema uhamisho, msiba, ugomvi wa nyumbani, sema mama analala au halali, hata usipoulizwa. Na ukiambiwa subiri, omba tarehe, iandikwe kwenye kadi.